Kumwonea na Kumwonea Huruma

Kiswahili kina kitenzi kimoja kinachobeba mambo mawili ambayo mtu angetaraji yawe mbalimbali kama kaskazi na kusi. Husemwa "fulani amemwonea mwenzake", maana yake amemdhulumu, amemtumilia nguvu bila ya haki. Husemwa pia "fulani amemwonea mwenzake huruma", maana yake moyo wake umelainika juu yake. Iondoe huruma katika sentensi hii ya pili, na linalosalia ni dhulma tupu. Najua wanasarufi watanijibu kuwa hiyo ni kauli ya kutendea tu, na kwamba twasema vilevile kumwonea mtu wivu, kumwonea haya, kumwonea fahari. Nakubali. Lakini katika misemo yote hiyo mwendo ni mmoja: yupo anayeona na yupo anayeonwa, na huyu wa pili hatakiwi kufanya chochote illa kukaa mahali pake aonwe.

Nimelianza neno hili kwa sababu ya mashairi. Katika miaka ya karibuni tungo juu ya wagonjwa wa akili zimezidi, magazetini na redioni, na nia ya watungaji hapana shaka ni njema: wanataka unyanyapaa ukome. Hata hivyo, nikizisoma nyingi kwa pamoja naona shairi moja tu lililoandikwa mara nyingi. Yupo mtu peku, mwenye matambara, anayelala karibu na jaa. Watoto wanamrushia mawe. Mshairi anapita, anasimama, machozi yanamlengalenga. Ubeti wa mwisho unawaonya wapita njia wasicheke, kwani hujafa hujaumbika. Na yule mtu, tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, hakusema hata neno moja. Hatukuambiwa jina lake, wala alikuwa akifanya kazi gani, wala yeye anawachukuliaje hao wanaomlilia. Ameonewa huruma, basi.

Shairi la namna hiyo, kwa maoni yangu, haliundoi unyanyapaa bali huubadilisha mavazi. Anayecheka na anayelia wamesimama ukingo mmoja wa barabara, na mgonjwa yuko ukingo wa pili peke yake.

Tusiwalaumu watungaji tu. Fani yenyewe ina mkono wake. Chukua shairi la kawaida la mizani 16, vipande viwili vya mizani 8 kila kimoja. "Kichaa" ni mizani 3, huingia popote kama chumvi. "Mwendawazimu" ni mizani 5, huacha nafasi ya kutosha ya kitenzi. "Mgonjwa wa akili" ni mizani 7: ukishalitia hilo, kipande kimekwisha na hujasema bado amefanya nini. Na "mtu mwenye maradhi ya akili", ambalo ndilo wanalolipendelea wenye kampeni, ni mizani 11, halikai katika kipande hata kwa kulikunja. Adabu ni ghali katika bahari hii, na matusi ni rahisi. Njoo tena kwenye vina. Aliyefungua kwa "wazimu" huwakuta majirani wakimsubiri mlangoni: kuzimu, sumu, hukumu, jahanamu. Ubeti hujijenga wenyewe, na hujijengea gereza. Wapo pia katika mtaa huohuo rahimu, karimu, muhimu na fahamu, lakini nyumba zao hazibishwi hodi mara nyingi. Wako wanaosema kosa liko katika ngeli, kwamba ki- ya kichaa ndiyo inayomfanya mtu kitu, kama ya kipofu na kiziwi. Mimi sijaridhika na hoja hiyo. Kiongozi naye ana ki- yake, na kinyozi pia, na hakuna aliyelalamika.

Ushairi wetu wa pwani, zaidi ya hayo, una deni lake la zamani. Tumemrithi Majinuni wa Laila, na neno hilo kwa asili ya Kiarabu ni mtu aliyeingiwa na majini. Kwa karne nyingi mpenzi wa Kiswahili amejiita majinuni, mwehu, aliyerukwa na akili kwa ajili ya mahabuba, na katika taarab hilo ni sifa, si aibu. Nami nazipenda nyimbo hizo. Lakini aweza kujiita mwehu kwa sababu si mwehu. Atashuka jukwaani, atakunywa kahawa, atarudi kwake, na kesho hakuna atakayemnyima kazi wala mke. Aliye mgonjwa kweli hawezi kuitumia "mimi" hiyo. Akiitumia, itatumika dhidi yake. Ndiyo maana nasema "mimi ni majinuni" ni neno la mwenye afya.

Ajabu ni kwamba lugha ya kila siku, kabla ya kuingia katika vina, ina adabu kuliko mashairi. Wazimu lina udugu na mizimu na kuzimu. Anayesemwa "ana wazimu" hakusemwa kwamba ameharibika. Amesemwa kuwa ana wageni. "Amepagawa" ni kauli ya kutendwa. "Akili zimemruka": akili ndizo zilizotenda, yeye ametendewa. Hata katika ngoma ya pepo, ambayo wengi wetu hatuitaki kwa sababu za dini au za elimu, kuna kitu kimoja ambacho mashairi yetu ya huruma hayana: aliyeketi kitini huulizwa. Huulizwa jina, huulizwa ametoka wapi, huulizwa anataka nini, na watu husubiri jibu. Kwamba jibu huhesabiwa kuwa la pepo na si la mgonjwa, hiyo ni khabari nyingine; kwa vyovyote kinywa ni chake.

Halafu ikaja majina ya hospitali. Mirembe ya Dodoma ilianzishwa mwaka 1927, na jina lake ni neno la amani na utulivu. Leo mtoto wa Dar es Salaam humwambia mwenzake "wewe wa Mirembe" akimaanisha tusi. Nairobi wanayo Mathari, ya tangu 1910. Kampala wanayo Butabika. Nasi Unguja tunayo Kidongo Chekundu, jina la udongo tu lisilomdhuru mtu, ambalo sasa huwezi kumtajia jirani kwamba umepita huko bila ya kuongeza haraka kwamba ulikwenda kumtazama mtu mwingine. Mahali pa tiba pamekuwa matusi. Na tunao wahenga wa kutukaza: mficha maradhi kifo humuumbua. Methali nzuri, illa inamgeukia mgonjwa peke yake. Aliyemfundisha kuficha hakutajwa.

Nitoke katika mashairi niingie riwaya, maana huko kuna kisa kinachonisumbua. Euphrase Kezilahabi, naye mtu wa kisiwa, wa Ukerewe, aliyefariki mwaka 2020, alichapisha Kichwamaji mwaka 1974. Kazimoto, kijana wa chuo kikuu, anasimulia mwenyewe. Halali vema mawazoni mwake, ladha ya vitu inamtoka, watu anawaona kwa mbali hata wakiwa chumba kimoja naye, mwisho anajiua. Hapa, kwa mara ya nadra katika nathari yetu, anayeumwa ndiye mwenye kusema, na hasemi kwa mapambo. Wahakiki wameifanyia nini sauti hiyo? Wameiita udhanaishi. Wamewaleta Camus na Sartre, wamepima ni kiasi gani mwandishi aliathiriwa na Ulaya, wamejadili iwapo falsafa hiyo inaifaa Afrika. Mimi sikusoma uhakiki darasani, nimejisomea chini ya taa yangu, na huenda ndiyo sababu swali langu ni la kishamba: je, kijana huyu hakuwa mgonjwa? Sisemi kwamba falsafa haimo. Nasema tumeikimbilia kwa sababu falsafa haina aibu na ugonjwa unayo. Mtu wa namna ya Kazimoto akinusurika, sheria nayo ilimsubiri: nchini Kenya, hadi Mahakama Kuu ilipotamka Januari 2025 kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinapingana na Katiba, kujaribu kujiua lilikuwa kosa la jinai. Kwa hakimu ni mshitakiwa, kwa mhakiki ni mwanafalsafa. Mahali pa kuwa mgonjwa tu hakupata.

Sasa niende Mtabila, na msomaji wa pwani ana haki ya kuuliza mshairi wa visiwani ana nini na nyanda za juu za Kigoma. Kwanza, maneno yetu yalifika huko kabla yangu. Kiswahili kilikwenda Ujiji na misafara ya karne ya 19, na kutoka huko kikapanda milima. Pili, Mtabila ndiko ambako swali hili la nani anaona na nani anaonwa lilipata kuwa jambo la amri na mihuri.

Ilikuwa kambi ya wakimbizi wa Burundi, wilayani Kasulu, mojawapo ya zile zilizotokana na misiba iliyofuata kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mwezi Oktoba 1993. Watu waliishi hapo miaka mingi, wakajenga nyumba za matofali ya udongo, wakazaa. Chakula kilikuwa cha mgao. Kutoka zaidi ya kilomita 4 nje ya kambi kulitaka kibali. Nyumbani walisema Kirundi, ambacho Muha wa Kasulu hukisikia bila ya taabu kubwa, kwani Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja. Kiswahili kilikuwa lugha ya dawati: ya polisi, ya mgao, ya kibali, ya zahanati. Aliyetaka kueleza kinachomsibu kichwani alikuwa avuke kwanza kutoka lugha ya mama kwenda lugha ya afisa, aghalabu kupitia kwa mkalimani ambaye huenda ni jirani yake wa mstari uleule wa nyumba. Fikiri, msomaji, ungesema nini mbele ya jirani.

Mwisho wa kambi ndio unaonihusu zaidi mimi mtu wa hadithi. Serikali ilitaka ifungwe, na Burundi ilihesabiwa kuwa imetulia. Shule zilikuwa zimekwisha kusimamishwa. Yakafanywa mahojiano, familia kwa familia, ili kujua nani bado ana sababu ya kuogopa kurudi. Tarehe 1 Agosti 2012 walio wengi wakaondolewa hadhi ya ukimbizi. Katika wiki za mwisho za mwaka huo zaidi ya watu 30,000 walirejeshwa Burundi, wengine zaidi ya 2,000 walioonekana kuwa bado wanahitaji hifadhi wakahamishiwa Nyarugusu, na tarehe 31 Desemba 2012 Mtabila ikafungwa rasmi. Baadaye mahali hapo pakawa kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa.

Yatazameni mahojiano hayo kwa jicho la uhakiki, maana yalikuwa uhakiki. Mtu anaketi mbele ya meza, anasimulia. Anayesikiliza ana vigezo: lini, wapi, nani alikuwepo, nini kikafuata. Kisa kinatakiwa kiwe na mwanzo, kati na mwisho, na kikisimuliwa mara ya pili kisitofautiane na mara ya kwanza. Ndivyo vigezo ambavyo tungempa mwanafunzi wa kidato cha pili aandike insha. Na aliyeumizwa akili na yale aliyoyaona hasimulii hivyo. Kumbukumbu ya msiba mkubwa mara nyingi huja vipandevipande: harufu kabla ya tarehe, kilio kabla ya mahali, na katikati pengo ambalo mwenyewe hawezi kulivuka. Ana haya pia, na mwenye haya hupunguza. Sisemi kwamba fulani alinyimwa haki yake kwa ajili hiyo. Ninalosema linahusu umbo la masimulizi, na juu ya umbo nadhani nina idhini ya kusema.

Kwani tazama sisi tunavyofanya upande wetu. Kezilahabi huyohuyo, katika Nagona ya 1990 na Mzingile ya 1991, aliuvunja wakati, akaacha matukio yaelee bila ya kamba, na sisi tukamvulia kofia. Tukasema huu ndio ujasiri wa fani. Kitabuni mpasuko wa masimulizi huitwa usanii. Mbele ya meza huitwa kujichanganya. Hapo ndipo ninapoona kwamba unyanyapaa hauko katika maneno ya matusi peke yake. Uko pia katika kupenda kwetu hadithi iliyonyooka, na kumhesabu asiyeweza kuinyoosha kuwa ama mwongo ama mtupu. Huruma ya kweli mahali kama pale ingekuwa kumpa mtu muda, na sikio lililofundishwa kusikia kisa kinachoanzia katikati.

Mwaka 2015 Warundi walikimbia tena, wakamiminika Kagunga ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, wakapelekwa Nyarugusu, kisha Nduta na Mtendeli, na miongoni mwao walikuwemo waliowahi kuishi Mtabila. Nduta, wilayani Kibondo, Madaktari Wasio na Mipaka waliweka pamoja na wodi zao huduma ya afya ya akili, ya mtu mmoja mmoja na ya vikundi. Nalitaja hili kwa ufupi ili isidhaniwe kuwa hakuna aliyesikiliza.

Kwa mfasiri, hata hivyo, kazi inaanza hapa. Mwaka 2013 Peter Ventevogel na wenzake walichapisha utafiti wa jamii nne zilizopitia vita, huko Burundi, Sudan Kusini na mashariki ya Kongo, wakiuliza watu wenyewe wanayaitaje maradhi haya. Kote walikuta jina la wazimu mkubwa, ule unaojulikana na kila mtu. Lakini walikuta pia majina ya mateso yasiyopiga kelele, ambayo wenyeji hawakuyahesabu kuwa kazi ya daktari. Walisema dawa yake ni jamaa, majirani na sala. Warundi wana ihahamuka, hofu inayomkata mtu pumzi. Wana akabonge, huzuni inayomfanya mtu ajitenge na wenzake. Sidai kujua nasaba ya neno hilo. Najua tu kwamba sikio la Mswahili haliwezi kulisikia bila ya kusikia bonge ndani yake, kitu kilichoganda kooni kisichomezwa wala kutemwa.

Tulitieje Kiswahili? Wizara na wataalamu wa Tanzania wanatumia sonona. Kenya utasikia zaidi unyogovu. Sonona nalipenda: ni kitenzi cha zamani, kina n mbili zinazovuta pumzi, na aliyesonona haonekani kuwa ametukanwa. Unyogovu linanichosha, linafanana mno na uvivu, na mgonjwa wa aina hii tayari ameitwa mvivu na ndugu zake wote. Lakini ukiandika sonona mahali pa akabonge umepata ugonjwa na kupoteza koo. Umemchukua mwanamke aliyekaa kimya mbele ya mlango wake tangu asubuhi ukampa jina la kadi ya hospitali. Na ukiandika huzuni, umempoteza kabisa, maana huzuni kila mtu anayo na itapita. Mimi ningeliacha akabonge kama lilivyo. Kiswahili kimekwisha kula maneno ya Kihindi, Kireno na Kiingereza bila ya kuvimbiwa. Sioni kwa nini kikatae neno moja la jirani aliyekaa nasi miaka yote hiyo kwa kibali cha kilomita 4.

Burundi wana pia uimbaji wa inanga ambao ningetamani watunzi wetu wausikie. Inanga ni ubao uliochimbwa kama kihori na kutandikwa nyuzi, na mwenye kuipiga haimbi kwa sauti, hunong'ona. Mnong'ono hufuata nyuzi kwa ukaribu hata usiyezoea hujui kipi ni kamba na kipi ni kinywa. Chombo hiki hakimfai mtu aliyesimama mbali. Ni lazima usogee, uinamishe kichwa, uache kusema. Ushairi wetu umekua barazani na ukumbini, unataka koo na unataka kuitikiwa, na sijui kama tunayo bahari iliyoundwa kwa mnong'ono. Nilipojaribu kufasiri kwa namna hiyo, nikitafuta umbo la kuwekea sauti ya mtu anayesema chini kwa chini juu ya akili yake mwenyewe, mizani 8 ilinishinda. Kila ubeti uliinuka ukataka kuhutubia. Nikashuka kwenye vipande vya 6, ambavyo si vigeni katika nyimbo za taarab. Humo "mgonjwa wa akili" haliingii kabisa, na ikabidi nimtafutie yule mtu jina.